Barua ya wazi kwa wauza dawa za mifugo: kabla ya kupima, ulizeni ni mnyama gani

Ndugu wauzaji,

Anayewaandikia ni mteja wenu wa Ngamiani, Tanga, mmoja wa wale wanaoingia dukani na noti ya elfu mbili kiganjani, wakaegemea kaunta na kutamka neno moja tu: “Viroboto.” Mfugaji wa kujivunia si yeye. Ng'ombe hana, kuku wake walimalizwa na kicheche, na kilichobaki nyumbani ni paka mmoja mweusi, jike, aitwaye Chausiku, ambaye mchana hulala juu ya friji na usiku juu ya tumbo la mwenye nyumba. Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinakatika, Chausiku aliingiwa na viroboto. Yaliyofuata ndiyo yaliyozaa barua hii. Duka halitajwi humu, wala muuzaji, maana mambo yenyewe yangeweza kutokea kwenye kaunta yoyote kati ya zenu.

Tanga ni mji wa maziwa. Ng'ombe wa kisasa wamefungwa nyuma ya nyumba za watu hadi katikati ya mitaa, na rafu zenu zimepangwa kwa ajili yao: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, mawe ya chumvi, chupa za kunyunyizia. Kuku nao wana sehemu yao, chanjo ya kideri kwenye friji na unga wa utitiri karibu na mlango. Siku hizi mbwa naye amepata pembe yake, kwa sababu wenye nyumba za geti wana hela. Paka hana rafu.

Kwa hiyo paka anapougua, anaazimwa dawa za wenzake.

Chausiku aliazimwa kwanza dawa ya kuku. Kijana wa kaunta alisikia neno “viroboto”, akageuka, akashusha kopo la unga, akasema, “Hii inamaliza.” Hakukosea kuhusu viroboto. Unga wa aina hiyo mara nyingi huwa na kabarili, sumu ya wadudu iliyokuwapo sokoni tangu miaka ya 1950, na viroboto huwaua kweli. Tatizo ni kwamba kuku hajilambi. Paka akinyunyiziwa unga mgongoni anakwenda kukaa kivulini, ananyoosha mguu mmoja juu kama mcheza sarakasi, kisha anaanza kujifuta kwa ulimi, unyoya kwa unyoya, hadi unga wote umehamia tumboni. Watu wa pwani wanampenda paka kwa usafi wake. Msikitini anapita baina ya safu na hakuna anayemfukuza, na Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote anajulikana kwa lakabu ya Abu Hurayra, baba wa kipaka. Ni usafi huohuo unaomponza.

Ndani ya saa moja Chausiku alikuwa anatoka udenda, kidevu kimelowa hadi kifuani, na mboni za macho zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano ilhali chumba kilikuwa na giza. Hivyo ndivyo kabarili inavyofanya kazi: inakizuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu, kwa hiyo kila tezi na kila msuli unaendelea kupokea amri ambayo ilipaswa kuwa imekwisha. Alikogeshwa, akafutwa, akakaa siku nzima chini ya kitanda bila kula. Akapona. Viroboto walipungua kwa siku nne, halafu wakarudi.

Katikati hapa ilipita kola ya viroboto, ya plastiki, yenye harufu kali. Ilidumu siku tatu shingoni na sasa iko juu ya bati la jirani.

Mteja akarudi dukani na malalamiko mnayoyajua kuliko mtu mwingine yeyote: “Dawa yenu haifanyi kazi.” Na jibu nalo mnalijua. “Basi ile ni ndogo. Chukua hii, hii kali.” Safari hii ilikuwa dawa ya matone, ile ya kudondoshea shingoni, ndani ya kijibomba kidogo. Sanduku lilikuwa na picha ya mbwa mkubwa anayetabasamu. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mayai ya chawa. “Mbwa ni mkubwa,” muuzaji akasema kwa busara ya hesabu, “huyo wako muwekee nusu.”

Hesabu ile ndiyo iliyokaribia kumuua.

Aliwekewa nusu saa moja jioni. Kufika saa nne usiku masikio yake yalianza kuchezacheza, moja baada ya jingine, kama mtu anayefukuza nzi. Ngozi ya mgongo ikawa inapita mawimbi kutoka mabegani hadi mkiani. Kila akitaka kutembea alinyanyua mguu na kuukung'uta, kama aliyekanyaga maji. Saa sita usiku alikuwa amelala ubavu, mwili mzima unatetemeka, meno yanagongana, na joto lake lilisikika hata kabla ya kumgusa. Jirani mmoja akaleta maziwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba maziwa huondoa sumu. Hayaondoi. Sumu hii imepita kwenye ngozi, na paka anayetetemeka akinyweshwa maziwa, au mafuta, yanaweza kumwingia mapafuni.

Kilichomsaidia kilikuwa simu. Bwana mifugo mmoja, aliyeamshwa usingizini na hakukasirika, alisema maneno machache: maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, sugua shingo na mgongo, suuza, rudia, mkaushe, mweke mahali pa giza na kimya, nakuja. Uvuguvugu ulikuwa na sababu yake. Maji ya moto huifanya ngozi ivute dawa zaidi, na ya baridi humzizimisha mnyama hata mtetemo ukazidi. Alifika na sindano za kutuliza misuli. Paka alitetemeka siku mbili kabla ya kusimama.

Dawa ile ilikuwa permethrini. Inafaa wauzaji wa Tanzania na Kenya waijue ilikotoka, kwa kuwa ukoo wake unapita mashambani kwetu. Maua ya pareto yanayolimwa nyanda za juu za Iringa, Mbeya na Njombe, na ng'ambo ya mpaka kule Nakuru na Kisii, yana sumu ya asili ya wadudu, pirethrini, ambayo ulimwengu umeitumia kwa miongo mingi. Kasoro yake kwa wafanyabiashara ni kwamba jua huivunja upesi. Mwaka 1973 wanasayansi wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza maabarani sumu inayoiga ile ya pareto lakini inayostahimili jua. Ndiyo permethrini. Leo imo kwenye dawa za kupulizia mbu, kwenye baadhi ya vyandarua, kwenye losheni ya upele, na kwenye matone ya mbwa.

Binadamu huivunjavunja ndani ya ini na kuitoa. Mbwa vilevile. Paka hawezi, au anaweza kwa mwendo wa kinyonga. Jamii ya paka imeishi kwa nyama tupu muda mrefu mno, haikuhitaji kupambana na sumu za majani na mizizi, na njia moja muhimu ya ini ya kusafishia kemikali kama hizo ikadhoofika hadi kwenye vinasaba. Ndiyo maana kidonge kimoja cha paracetamoli, ambacho mtoto wa shule anameza akaenda kucheza mpira, kinatosha kumuua paka mzima. Ndiyo maana pia ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa, ambayo wengi huitia kwenye beseni la kuogeshea wanyama, ni hatari kwake. Matone ya mbwa yenye permethrini huwa mazito, mara nyingi asilimia 45 na kuendelea. Nusu ya kipimo cha mbwa mkubwa, kwa paka wa kilo 3 na nusu, bado ni sumu. Robo pia. Yako maandishi ya madaktari wa wanyama kuhusu paka waliodhurika kwa kulala tu pamoja na mbwa aliyetoka kupakwa.

Sasa, wauzaji, hapa ndipo mnapoweza kuona kosa lilipoanzia, na halikuanza usiku ule. Lilianza kwenye yale malalamiko kwamba dawa ya kwanza haikufanya kazi.

Ilifanya. Kiroboto anayeonekana juu ya paka ni sehemu ndogo ya kaya yake: wataalamu hukadiria kwamba waliokomaa ni kama 5 katika kila 100, na waliobaki wako chini, wakiwa mayai, viluwiluwi na wale waliojifungia kwenye vifuko. Jike mmoja hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya. Yanateleza na kumwagika popote paka anapolala: kwenye mkeka, chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu, kwenye mchanga wa uani. Viluwiluwi wanakimbia mwanga na kula vumbi jeusi la mavi ya wakubwa wao, ambayo ni damu kavu. Hewa ya pwani, yenye joto na unyevu, wanaifurahia kuliko sisi. Kisha wanajisokotea vifuko vinavyonata vumbi, na humo ndani hakuna dawa inayowafikia. Wanaweza kukaa wiki moja, wanaweza kukaa miezi, wakisubiri mtikisiko wa hatua, joto la mwili, pumzi ya mnyama. Ndiyo sababu mtu akifungua nyumba iliyofungwa muda mrefu huumwa miguu kabla hajaweka begi chini.

Kwa hiyo waliomrudia Chausiku siku ya nne walikuwa wageni wapya kutoka kwenye mkeka, ambao ule unga haukuwahi kuwaona. Mteja hakuhitaji dawa kali zaidi. Alihitaji kuambiwa afue mashuka kwa maji ya moto, aanike mkeka na mito juani, afagie kila siku hadi chini ya makochi, na aendelee hivyo wiki kadhaa, huku paka akitibiwa kwa dawa yake mwenyewe, mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo. Maneno hayo hayana faida ya fedha papo hapo, hilo linaeleweka. Lakini mteja aliyeambiwa hivyo anarudi kununua mwezi wa pili na wa tatu. Aliyezika paka harudi.

Dawa yake mwenyewe ipo. Matone ya fipronili yaliyotengenezwa kwa paka huwa nusu mililita kwenye kijibomba kimoja, wakati ya mbwa mkubwa hufika mililita 4. Iko imidaklopridi, iko selamektini. Kwenye maduka mengi hazionekani, na zikionekana bei yake inamfanya mteja acheke kwa uchungu, kwa sababu paka wenyewe waliokotwa bure sokoni. Hapo mwandishi hana la kuwalaumu. Anachosema ni kwamba ikiwa dawa ya paka haipo, kitana cha chawa kipo, na hakizidi bei ya soda. Paka anachanwa kuanzia shingoni, kitana kinachovywa kwenye bakuli la maji ya sabuni, viroboto wanazama. Uchafu mweusi uliobaki kwenye meno ya kitana ukiwekwa juu ya tishu iliyoloweshwa na kugeuka kahawia nyekundu, basi ni mavi ya kiroboto, na hapo mteja amepata vipimo vya maabara bila kulipa. Kwa watoto wa paka wadogo hiyo ndiyo njia ya kuanzia, na isichelewe, kwani viroboto wengi wanaweza kumaliza damu ya kitoto cha paka hadi kufa.

Baada ya unga wa kuku na matone ya mbwa, kuna jambo la tatu, na ndilo zito kuliko yote: dawa ya ng'ombe ya kupimiwa.

Kila mtu ameiona. Chupa ya lita moja ya dawa ya kuogeshea iko chini ya kaunta. Mteja wa hali ya chini hawezi kununua chupa nzima, kwa hiyo anavutiwa kidogo kwa bomba la sindano na kutiliwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, bila jina, na maelekezo ya mdomo: “Kifuniko kimoja kwa ndoo.” Nyingi ya dawa hizo ni amitrazi ya asilimia 12.5, ambayo kwa ng'ombe huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji. Kwa ng'ombe wa kilo 350 aliyesimama juani kwenye josho, sawa. Amitrazi kwa paka humshusha mapigo ya moyo, humlegeza, humpoozesha mwili. Na chupa ile isiyo na jina, baada ya paka kuogeshwa, inarudishwa wapi? Jikoni, juu ya kabati, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwenye nyumba yenye watoto. Hapo habari ya paka imekwisha na imeanza nyingine.

Viroboto wenyewe si wa kufanyiwa mzaha, ili pasiwe na anayedhani barua hii inawatetea. Paka akimmeza kiroboto wakati anajilamba anaweza kupata tegu, na mtoto mdogo akimmeza kwa bahati mbaya anaweza kupata tegu huyohuyo. Kiroboto wa paka ndiye anayesambaza miongoni mwa paka bakteria wa homa inayotokana na kukwaruzwa. Watu wa Mkoa wa Tanga hawahitaji kufundishwa jinsi mdudu huyu anavyoweza kuwa mzito: kule Lushoto, tauni iliyozuka mwaka 1980 iliendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20 na kuwafanya maelfu ya watu waugue, ikibebwa na viroboto wa panya. Wale ni wa aina nyingine, si hawa wa paka wa nyumbani, lakini mzee wa Usambara akisikia neno kiroboto hacheki.

Mtu atasema haya ni matatizo ya nchi maskini zenye wateja wasiosoma. Marekani, ambako kila kijibomba kina karatasi ya maelekezo ndefu kama khanga, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilipokea kwa mwaka 2008 pekee taarifa zaidi ya 44,000 za wanyama waliohisiwa kudhurika na dawa za viroboto na kupe. Ilipochunguza, moja ya sababu zilizojitokeza ilikuwa hiihii ya Ngamiani: dawa ya mbwa kuwekwa kwa paka. Mwaka 2010 ikatangaza kwamba itataka lebo zilizo wazi zaidi, na pakiti zinazoonyesha tofauti ya mbwa na paka bila kumtesa msomaji. Kama anayesoma Kiingereza tangu kuzaliwa anakosea, anayesomewa na muuzaji atafanyaje?

Neno moja kwa wakubwa wenu, kwa kuwa barua ya wazi husomwa na wapitao. Dawa za mifugo zinasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mwenye paka hajui kopo lipi ni la nani, na hapaswi kulazimika kujua. Kinachomhusu ni maelekezo kwa Kiswahili, na mchoro wa paka aliyekatwa kwa mstari mwekundu, usomwe hata na asiyejua kusoma. Mkulima wa mahindi na mwenye paka wanaingia mlango uleule wa duka, na wote wawili wanaongea lugha moja.

Lakini wakubwa wana mwendo wao, na ninyi mko kaunta kesho saa mbili asubuhi. Mteja akisema “viroboto”, muulizeni: wa nani? Akisema paka, muulizeni ana umri gani na uzito kiasi gani, na kama hajui, mwambieni apande naye kwenye mzani, kisha apande bila yeye, atoe. Someni upande wa nyuma wa sanduku mkitafuta jina permethrin. Likiwapo, rudisheni sanduku rafuni hata kama mteja ameshatoa hela. Msipime dawa ya josho kwa mtu asiye na josho. Na wekeni karibu na simu ya duka namba ya bwana mifugo anayekubali kumshika paka, maana wapo wasiokubali, na saa sita ya usiku si wakati wa kuanza kuwatafuta.

Chausiku yupo. Anakula dagaa, amerudi juu ya friji, na shingoni pana kipara kidogo ambapo manyoya hayajaota vizuri. Wiki iliyopita mwandishi alipita kwenye lile duka, akanunua kitana, akaacha kwenye kaunta maka peni moja nyeusi, ya wino usiofutika. Kijana aliuliza ya nini. Ni ya kuandika kwa herufi kubwa, juu ya kila sanduku lenye picha ya mbwa na kila kopo la unga wa kuku, maneno matatu: SI YA PAKA.

Wenu,
Mteja wa Ngamiani, Tanga